Nyanya Yako Alinyamaza kwa Amri Yangu

Kakuma, Jumamosi, saa kumi jioni

Akiru mwanangu,

Sanduku lako nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Mambo ya blanketi, ya sabuni na ya kupiga simu ukifika Kitale tumeshagombana wiki nzima, kwa hiyo hapa sitayagusa. Ukisahau taulo utanunua. Sweta utavaa tu, baridi ya Eldoret haibembelezi mtu, na mimi sina karatasi ya kupoteza kwa habari za sweta.

Umeenda ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, kule kambini, kumuaga Mama Nyandeng na wanawe. Najua hutarudi upesi, maana kwa yule mama hakuna anayeaga bila kunywa chai vikombe vitatu. Ata, nyanya yako, amekaa hapa mlangoni juu ya kigoda chake, anatafuna tumbaku na kuwasimulia mbuzi wa jirani mambo ambayo hawakumuuliza. Namsikia, na ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye, na miaka yote hii ni mimi niliyeyaficha.

Nianze na jana, kwenye karamu ya kukuaga. Mzee wa kanisa aliposimama kuomba, alisema kwa Kiswahili chake cha mimbarini kwamba tumshukuru Mungu, kwa kuwa binti huyu, ambaye ulimi wake ulikuwa umefungwa na kivuli cha bibi yake, leo anakwenda kusomea kazi ya kuwasaidia watoto wasiosema. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka jinsi watu wanavyocheka jambo walilolizoea. Wewe ulikuwa umepiga magoti kando ya Ata ukimfasiria neno kwa neno, kama unavyowafasiria wagonjwa zahanati. Pale ukanyamaza. Ata akakuuliza wanacheka nini, ukamwambia wanasifu nyama.

Nilikuona, Akiru. Nilikuwa na birika mkononi. Wewe uliruka sentensi moja ili nyanya yako asiumie, na mimi, niliyekuwa na maneno ya kumsafisha mbele ya watu wote, nikaendelea kumimina chai. Nilimimina mpaka ikafurika kikombe cha mgeni. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana.

Halafu kuna ile barua yako ya kuomba nafasi chuoni, uliyonipa niisome kabla ya kuituma. Uliandika kwamba ulikaa miaka mitatu na nusu bila kusema kwa sababu malaria ilikupanda kichwani ukiwa mchanga. Uliandika vizuri sana, mimi mwenyewe siwezi kuandika hivyo. Lakini ni uongo, na uongo huo si wako, ni wangu. Malaria uliugua kama kila mtoto wa Kakuma, ukanywa dawa, ukapona. Kilichokunyima maneno ni amri niliyoitoa mimi ndani ya nyumba hii, nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa tulia nikueleze, na usinikatize kwa macho yale yako.

Mimi nilisoma shule ya bweni Lodwar, hilo unalijua. Usilolijua ni habari ya ubao. Kulikuwa na kipande cha ubao chenye uzi, na mtoto akisikika akisema Kiturkana alivishwa shingoni, akae nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea amvishe. Anayekutwa nacho kengele ya jioni ikilia alichapwa. Siku moja nge aliniuma mguuni nikiwa nafagia, nikalia kwa Kiturkana, nikimwita mama. Nikavishwa ubao kabla mtu hajautazama ule mguu. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo hata maumivu nikawa nayatafuta kwanza kwa Kiingereza kabla ya kuyalilia.

Kiingereza chenyewe hakikukaa. Nilipopata kazi hapa Kakuma, ya kupokea wageni kwenye ofisi moja ya misaada, waliniweka mezani siku ya mkutano wa wakubwa, wakanitaka nijitambulishe. Nikajitambulisha. Bwana mmoja kutoka Nairobi akanisahihisha mbele ya watu kumi na wawili, tena kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko tusi. Nilikuwa na mimba yako. Nilirudi nyumbani nikashika tumbo nikaapa kwamba wewe hutavaa ubao wa mtu, wala hutasahihishwa mezani. Utazaliwa na Kiingereza mdomoni.

Ulipofika miezi mitatu nikarudi kazini, na Ata akaja kutoka kijijini kwake Nakalale kukushika. Alifika na kibuyu cha maziwa mgongoni na habari za ukoo mzima, na kabla hajaketi alikuwa ameshakuimbia. Nikamkalisha. Nikamwambia katika nyumba hii mtoto atasikia Kiingereza tu. Akauliza, na mimi je? Nikamjibu kwamba yeye Kiingereza hakijui, basi asiseme nawe kabisa. Akushike, akulishe, akulaze, lakini Kiturkana asikutie.

Unamjua Ata. Ni mtu ambaye akitembelewa na kimya hukifukuza kwa fimbo. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma."

Akatii. Hilo ndilo sikulitarajia, na ndilo lililotuangamiza. Akitaka kuongea alikuwa akitoka uani hadi kwenye mti wa miba kule barabarani, anaongea na wanawake wanaopita na kuni, kisha anarudi ndani na kukaa nawe kimya. Na mimi nikirudi jioni nilikupa Kiingereza changu chote, nacho kilikuwa hiki: njoo, kaa, kula, usiguse, hapana, vizuri. Basi. Kiingereza changu kilikuwa cha fomu na mihuri, hakikuwa na neno hata moja la kumfukuza kuku wala la kumbembeleza mtoto mwenye meno yanayoota. Kilichobaki nilikiachia redio. Niliiwasha asubuhi kwenye stesheni ya Kiingereza, ikapiga kelele kutwa nzima juu ya kiti, na nilikwenda kazini nikiamini nimekuachia mwalimu.

Baba yako, unajua maisha ya lori, alikuwa nyumbani siku chache kila mwezi. Aliwahi kuniambia kwamba huyu mtoto analelewa na betri. Nikamwambia aendeshe lori lake.

Sasa nafika mahali ambapo sijawahi kumfikisha mtu yeyote. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilianza kushuku kwamba Ata ananidanganya, kwamba nikiondoka tu anakupa Kiturkana. Nikaomba ruhusa ofisini, nikarudi saa sita mchana bila taarifa, nikanyata kando ya ua nikachungulia. Ulikuwa umekaa katikati ya magoti yake. Yeye alikuwa akitunga shanga, na midomo yake ilikuwa inacheza. Inacheza vizuri kabisa, kama mtu anayesimulia hadithi, ila hakuna sauti iliyotoka. Nawe ulikuwa unaitazama ile midomo, ukafungua wako, ukaufunga, ukaufungua. Hakuna sauti. Nyinyi wawili mlikuwa mnazungumza hivyo, na redio inapiga kelele nyuma yenu.

Akiru, niliridhika. Nilirudi ofisini nimeridhika kwamba mama yangu ni mtu wa kutii. Nilinunua hata soda njiani.

Nilipokuja kukaa na watoto wengine baadaye, wa majirani na wa wenzangu, ndipo nilipojua ulichokuwa umekiomba. Ukiwa na miezi minane ulikuwa ukilala chali ukipiga kelele zako, ba-ba-ba, ta-ta-ta, kisha unanyamaza na kuelekeza macho mlangoni. Nilidhani umechoka. Kumbe ulikuwa umesema zamu yako, unangoja ya mwenzako. Mtoto anatupa sauti, anataka irudishwe, ikirudi anatupa nyingine. Wewe ulitupa, haikurudi. Ata alikuwa akijiziba mdomo kwa shuka asije akakujibu. Taratibu ukaacha.

Miaka miwili ikafika, hakuna neno. Ukitaka maji ulinivuta sketi hadi kwenye mtungi. Miaka mitatu ikafika. Nilikupeleka chekechea, wakaniambia nikurudishe utakapoanza kusema. Kanisani maneno yakaanza. Kwa waliouliza kwa heshima niliwaambia malaria, na neno hilo lilinitoka kirahisi mpaka nikaanza kuliamini. Wengine walisema ni yule bibi, mbona anakaa na mtoto kama jiwe, amemwambukiza ububu, amekuja na kitu kutoka kwao. Hao sikuwajibu. Ningeweza kusema ni mimi niliyemnyamazisha. Sikusema. Niliogopa watu wajue kwamba karani wa ofisini, mwenye viatu vya kufunga, ndiye aliyemharibu mtoto wake kwa mikono yake.

Maneno yale yalipomfikia Ata hakunilaumu. Alikunja shuka lake, akapanda nyuma ya pikapu iliyokuwa ikienda Nakalale, akaniaga kwa kichwa tu. Wewe ulilia siku mbili. Kilio ulikuwa nacho kamili, kilichokosekana ni neno la kumwita.

Wiki ile nikakupeleka hospitali Lodwar upimwe masikio. Nikaomba njia nzima wakukute kiziwi. Unasikia ninachokuambia? Niliomba uwe kiziwi, ili kosa lisiwe langu. Mama mmoja mpole alikaa nyuma yako akagonga kengele ndogo, ukageuka. Akatikisa kopo la mbegu, ukageuka. Akanong'ona kwa mbali kule dirishani, ukageuka na kutabasamu. Akaandika kwamba masikio ni mazima, kisha akaweka kalamu chini na kuniuliza ni nani anayeongea na mtoto huyu mchana kutwa. Nikamwambia, redio.

Hakucheka. Akaniuliza, "Na redio humngoja ajibu?"

Kwenye gari la kurudi Kakuma nilikupakata nikasema leo nitaongea naye mpaka tufike. Nikaanza kwa Kiingereza: ngamia, mlima, gari. Kabla hatujauacha mji wa Lodwar maneno yalikuwa yameniishia. Nikatazama nje, nikaona kule nyikani kila kitu nilichokiona nilikijua jina kwa Kiturkana, kuanzia mti hadi aina ya vumbi, na vyote hivyo nilikuwa nimekunyima. Nililia mpaka utingo akaniuliza kama nimefiwa.

Kesho yake tulikwenda Nakalale, mimi na wewe, na furushi la tumbaku, sukari na majani ya chai, maana kwa Ata huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Tukamkuta nje ya nyumba yake. Nikamsalimu, ejok. Hakuitika. Nikaketi mchangani, kwa kuwa hakunikaribisha kitini, nikaanza kueleza. Nikaeleza ubao, nikaeleza mkutano, nikaeleza redio, nikaeleza siku niliyochungulia. Kimya. Nikaomba msamaha mara ya kwanza na ya pili. Kimya. Watu wakapita na kumsalimu, nao hakuwajibu, wakapita zao wakishangaa. Jua likainama. Mama yangu, ambaye husema hata na sufuria, alikuwa amenikalia hivyo kuanzia mchana hadi mbuzi waliporudi, na sijapata kipigo kama kile maishani.

Mbuzi walipofika ndipo alipofungua mdomo. "Umeonja?"

Nikasema nimeonja.

"Wewe ni mchana mmoja," akasema. "Huyu ameonja miaka mitatu."

Kisha akachukua tumbaku niliyomletea, akaitafuna, akatutemea mate ya baraka kifuani, wewe kwanza, mimi baadaye. Halafu akaanza kuongea nawe, na hadi leo hajamaliza.

Nilikuacha kule miezi minane, nikawa nakuja kila mwisho wa mwezi. Nilikaa pembeni nikimtazama mama yangu ambaye hajui kusoma akifanya kazi ambayo sasa wewe unaenda kuisomea miaka minne. Hakukufundisha kitu. Alikuwa anaishi tu na kuyasema anayoyaishi. Akiwasha moto alikuambia anawasha moto na kwamba kuni hizi zina maji na aliyezileta ni mvivu. Alikuuliza unaonaje, akangoja. Kweli alingoja, na kuni mkononi, akikutazama usoni. Ukiinua nyusi alisema, aa, kumbe na wewe waona hivyo, akaendelea. Alikuhesabu kuwa ni mtu aliyemo kwenye maongezi, hata kabla hujasema lolote. Na watoto wa pale kisimani wakakuburuta kila mahali, wakikufokea, wakikugombania, wakikuonea kidogo, na hilo nalo nadhani lilisaidia.

Zaidi ya yote kulikuwa na mbuzi. Unajua kwetu mbuzi anaitwa kwa rangi yake na madoa yake na jinsi pembe zilivyokaa, na kila rangi ina jina lake. Jioni Ata alisimama mlangoni mwa zizi akiwataja mmoja mmoja wakiingia, nawe umesimama kando yake na kijiti. Kila jioni. Hao mbuzi walikuwa wanapita mbele yako kila mmoja na jina lake.

Mwezi wa tatu wa kukaa kwako kule nilifika wakati huohuo wa jioni. Vumbi limetanda, Ata anataja, mbuzi wanaingia. Ghafla ukanyoosha mkono ukamshika mbuzi shingoni, ukasema kwa Kiturkana kilichonyooka kabisa, "Huyu si wetu."

Sauti yako ilikuwa nzito kidogo. Sikuwa nimewahi kuiwazia kwamba itakuwa nzito. Nilitaka kukurukia, Ata akanizuia kwa mkono bila hata kunitazama. Akakuinamia akasema ni wetu. Aliona vizuri kwamba si wetu, mjanja yule, alitaka tu useme tena. Ukakunja uso. Ukamwambia si wetu, wetu sikio lake limekatwa upande huu, ukamshika sikio ukamwonyesha.

Nilianguka mchangani nikicheka na kulia, sijui kipi kilitangulia. Ata akageuka, meno yote nje, akaniambia, "Umesikia? Anabisha." Akapiga kigelegele, na kutoka nyumba za jirani wanawake wakakipokea kabla hawajajua ni cha nini. Mwenye mbuzi alipokuja kumchukua mbuzi wake alikuta watu wanaruka, akafikiri kuna harusi. Baadaye Ata alikiri kwamba kwa wiki kadhaa ulikuwa ukitaja maji na maziwa na majina ya mbuzi, na hakunitumia habari kwa makusudi. Alisema nilistahili kuja na kujionea mwenyewe.

Hapa ninapoandika ameniuliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwa mbuzi. Anasema nisisahau kukuandikia kwamba alikuwa mwekundu mabegani na mweupe tumboni, maana jana ulipokuwa ukiwasimulia wageni kwa Kiturkana ulisema alikuwa mweusi. Basi nimeandika.

Baada ya hapo nani angekunyamazisha? Uliwapa watu rangi za mbuzi. Padri mwenye upara ulimwita asiye na pembe, mbele yake, na akaitika. Gari la ofisi yetu uliliita kwa jina la yule mbuzi mweupe wa Ata mwenye kiburi. Ulikosea kila siku na Ata hakukusahihisha hata mara moja. Ukisema neno limepinda, yeye alikujibu akilisema lilivyo, akaendelea na habari. Baada ya muda unalinyoosha mwenyewe bila kuaibika. Nikakumbuka ubao wangu. Mimi nilisahihishwa mpaka nikaogopa kusema, nawe hukusahihishwa ukasema mpaka majirani wakaomba upumzike.

Uliporudi Kakuma, na Ata pamoja nawe, Kiswahili ulikiokota pale kwenye bomba la maji kwa miezi michache tu. Kiarabu cha Juba ulikipata kwa watoto wa Mama Nyandeng mkicheza mpira wa matambara, na Kisomali cha dukani kilikuja kwa sababu ya peremende. Kiingereza kilikuja mwisho, shuleni, na kikakaa kwa raha kuliko changu kilivyowahi kukaa. Hakuna aliyekutuma kujifunza. Ulikuwa na watu wa kuongea nao na mambo ya kuwaambia.

Na siku ile zahanati, ulipokuwa na miaka kumi na sita, mama mgeni kutoka kambini amembeba mtoto anayetetemeka na hakuna anayemwelewa, ukasimama kwenye foleni ukamsikiliza, ukamgeukia daktari ukamweleza kwa Kiingereza mtoto amekula nini na tangu lini. Mtoto akatibiwa, akaishi. Daktari akakuuliza lugha zote hizi ulifundishwa na nani. Ukamjibu, mbuzi. Nilipohadithiwa nilitembea barabara nzima ya Kakuma kichwa juu. Nilitaka kumsimamisha kila mtu nimwambie yule ni wangu, yule aliyeambiwa arudi chekechea atakapoanza kusema.

Kule unakokwenda, siku moja nitakuja kwako. Sitakuwa mimi, atakuwa mwanamke mwingine na mtoto mzima wa masikio asiyesema, na viatu vyake vya kufunga, na uongo wake tayari mdomoni. Utamjua upesi. Kabla hujamwambia alichokosea, muulize aliumwa na nge gani. Yule mama wa Lodwar angenigombeza, ningekimbilia hospitali nyingine mpaka nimpate wa kuniambia wewe ni kiziwi. Aliniuliza swali moja tu, na swali hilo nilikaa nalo njia nzima. Mengine utafundishwa na walimu, mimi sina.

Nimebakiwa na moja. Leo mchana, ulipokuwa sokoni, nilikwenda nyumbani kwa mzee wa kanisa. Nikamweleza yote. Alivua kofia akaishika magotini, akasema yeye alichosema jana alikisikia kwa watu, nami nikamwambia ni kweli, na ni mimi niliyewaacha watu hao waseme. Nimemwomba muda wa ushuhuda kesho katika ibada, kabla basi lako halijaondoka saa nane. Amenipa.

Nitasimama niseme kwa Kiturkana, ili kwa mara ya kwanza Ata asikie kitu kanisani kabla ya wengine wote. Wasudani, Wakongomani na wageni wa ofisini watangoja. Watamtegemea mfasiri, na hakuna mfasiri mwingine Kakuma ninayemtaka zaidi yako. Ndiyo maana nimekuandikia leo, usiyakute mbele ya watu.

Utafika mahali nitakaposema kwamba nilichungulia uani, nikamwona mama yangu akisema bila sauti, nikaridhika. Nakujua. Moyo wako utataka kunificha kama ulivyomficha Ata jana, utataka kuwaambia watu kwamba nasifu nyama. Nitakuwa nimesimama kando yako nikikusikiliza, na Kiswahili nakijua vizuri.

Usiruke hata sentensi moja.

Mama yako,
binti wa Ata